Kompyuta Inapoganda, Mkosaji Huenda Hayuko Juu ya Orodha

Kwa muda wa majuma matatu kompyuta yangu ya mkononi ilikuwa ikiganda kwa namna ile ile. Nikiwa naandika, ghafla herufi zinaacha kuonekana kwenye skrini ingawa vidole bado vinabonyeza. Mshale wa kipanya unaendelea kutembea kwa sekunde kadhaa, kisha nao unasimama. Taa ndogo ya diski, ambayo kwa kawaida humetameta, inawaka mfululizo bila kuzima. Baada ya nusu dakika hivi maneno yote niliyokuwa nimeandika yanamwagika kwa mkupuo mmoja, na kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Dakika tano baadaye hali inajirudia.

Mtu akikutwa na hali hiyo, mawazo yanayomjia kwanza ni kwamba kompyuta imezeeka, au RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, haitoshi, au virusi vimeingia. Niliyafikiria yote matatu kwa mpangilio huo, na nusura ninunue RAM ya kuongezea. Kompyuta yenyewe ina RAM ya gigabaiti 8, prosesa yenye viini 4 (sehemu zinazofanya hesabu kwa wakati mmoja), na diski ya kuzunguka ya aina ya zamani, yaani ni kifaa cha wastani ambacho hakina sababu ya kusimama kwa kazi ya kuandika na kusoma barua pepe. Kilichonifanya nisite ni kwamba mwezi mmoja tu kabla ya hapo, kifaa hicho hicho, kikiwa na programu karibu zile zile, kilikuwa kikifanya kazi hiyo bila taabu yoyote. Uchakavu huja polepole. Kompyuta iliyobadilika ghafla kati ya Jumatatu na Ijumaa imepatwa na jambo fulani, na jambo hilo linaweza kutafutwa.

Nilianza pale wanapoanza watu wengi, kwenye Task Manager ya Windows, yaani orodha ya programu zinazofanya kazi na kiasi cha prosesa, RAM na diski kinachotumiwa na kila moja, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ninapendekeza ifunguliwe mapema, kompyuta ikiwa bado nyepesi, na iachwe wazi pembeni ya skrini, kwa sababu nayo ni programu kama nyingine: ikifunguliwa wakati mashine imekwisha kuganda, itapanga foleni pamoja na zilizotangulia, na itakapojitokeza tukio lenyewe litakuwa limepita. Niliiacha wazi, nikasubiri. Mgando ulipokuja niliona mambo matatu: programu ya kuzuia virusi ilikuwa juu ya orodha, ikitumia karibu asilimia 30 ya prosesa, programu inayonakili mafaili yangu kwenye hifadhi ya mtandaoni ilikuwa ya pili, na safu ya diski ilikuwa nyekundu, ikisoma asilimia 100. Nilitazama mara tatu, nne, na kila mara majina yalikuwa hayo hayo. Nikahitimisha kwamba nimempata mkosaji.

Nilijaribu kuisimamisha ile programu ya kuzuia virusi, Windows ikanikatalia. Katazo hilo ni la haki, kwa maana kama mtumiaji angeweza kuizima kwa kubofya mara moja, virusi navyo vingeweza. Nikageukia ile ya pili, nikasitisha unakili wa mafaili. Kompyuta ikapata nafuu kwa dakika 20 hivi, nami nikaamini kazi imekwisha, kisha ikaganda tena kama mwanzo. Nafuu ile ndiyo iliyonipotezea muda mwingi zaidi kuliko kitu kingine chochote, kwa kuwa ilinifanya niendelee kwa siku mbili kubadilisha mipangilio ya programu ambayo haikuwa na kosa.

Kosa langu lilikuwa kuisoma ile orodha kana kwamba ni orodha ya washtakiwa, ilhali ni orodha ya wanaofanya kazi kwa wakati ule. Programu ya kuzuia virusi haijiamulii tu kuhangaika: kila faili linapofunguliwa au kuandikwa, inaitwa kulikagua. Programu ya kunakili mafaili nayo huamka pale faili lililo katika folda yake linapobadilika. Huduma ya Windows inayotengeneza faharasa ya utafutaji hufanya vivyo hivyo, ingawa hujitahidi kupunguza mwendo mtumiaji anapokuwa kazini. Hizi zote ni programu zinazofuata nyayo za programu nyingine. Ukiziona zinafanya kazi kupita kiasi bila kukoma, swali la kuuliza ni hili: nani anayezipa kazi hiyo?

Kabla ya kufika kwenye jibu, inafaa kueleza asilimia za prosesa, kwa sababu huwapotosha watu wengi waangalifu. Windows huhesabu asilimia kwa prosesa nzima. Prosesa yangu ina viini 4, na kila kiini hujionyesha kwa mfumo kama viwili, hivyo Windows huona 8. Programu iliyoingia katika mzunguko usio na mwisho, ikirudia hesabu ile ile bila kupumzika, mara nyingi hukwama kwenye uzi mmoja tu wa kazi, yaani mfuatano mmoja wa maagizo, na uzi mmoja hauwezi kukalia zaidi ya kiini kimoja. Sehemu moja ya nane ni asilimia 12.5. Mtu anayetafuta programu iliyopagawa anatarajia kuona asilimia 100, anaona 12 au 13, anaipita. Kumbe namba hiyo ikikaa pale pale dakika baada ya dakika, bila kupanda wala kushuka, ndiyo ishara yenyewe. Kwenye kompyuta za Mac, na kwenye amri ya top katika Linux, hesabu ni nyingine: asilimia 100 ni kiini kimoja, kwa hiyo programu inayotumia viini vingi inaweza kuonyesha 300 au 400, na hilo pekee si kosa. Vilevile ukiona kwenye orodha ya Windows kitu kinachoitwa System Idle Process kikiwa na asilimia 95, usikisumbue, kwa sababu hicho ni kipimo cha muda ambao prosesa haina la kufanya.

Kwangu mimi, hata hivyo, prosesa haikuwa imelemewa. Viini vyote kwa pamoja havikufika asilimia 50. Kilicholemewa kilikuwa diski, na mtu akielewa jinsi diski ya kuzunguka inavyofanya kazi ataelewa pia kwa nini skrini iliganda. Diski ya kompyuta ya mkononi kwa kawaida huzunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Kipande cha data kinachohitajika kiko mahali fulani kwenye duara hilo, hivyo kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri nusu mzunguko baada ya kuwa kimekwisha kusogezwa kwenye mstari unaofaa. Ukijumlisha hayo, diski ya aina hii haimudu hata maombi 100 kwa sekunde pale yanapokuwa yametawanyika huku na huku. Diski za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka, humudu maelfu mengi, na ndiyo maana programu ile ile iliyopagawa inaweza kuigandisha kompyuta moja na kwenye nyingine isitambulike kwa mwaka mzima. Maombi ya programu ya kuandikia, ambayo ilitaka tu kuhifadhi aya moja, yalikuwa yakisubiri nyuma ya foleni ya maombi ya wengine.

Task Manager huonyesha kwamba diski ina kazi, lakini haionyeshi ni faili gani linaloguswa. Kwa hilo nilihitaji Resource Monitor, ambayo imo ndani ya Windows na hufunguliwa kwa kuandika resmon kwenye kisanduku cha kutafutia. Katika sehemu yake ya diski kuna jedwali linalotaja kila mchakato (programu, au sehemu yake, inayoendeshwa kwa wakati huo), faili unaloligusa, baiti zinazosomwa na kuandikwa kwa sekunde, na muda ambao ombi limesubiri kujibiwa. Nilibofya kichwa cha safu ya uandishi ili wanaoandika zaidi wapande juu, kisha nikaacha kuangalia majina ya programu na kuanza kuangalia majina ya mafaili.

Jibu lilikuwa pale. Faili moja lilitajwa mara nne katika jedwali, kila mara na programu tofauti: programu ya kuzuia virusi ikilisoma, programu ya kunakili ikilisoma, huduma ya faharasa ikilisoma, na programu ya nne, ambayo jina lake sikulitambua, ikiliandika. Muda wa kusubiri ulikuwa zaidi ya milisekunde 1400 kwa ombi moja. Nililifuata faili hilo hadi kwenye folda yangu ya nyaraka, nikakuta ni faili la logi, yaani maandishi ya kawaida ambamo programu huweka taarifa ya kila inachofanya, na lilikuwa limefikia gigabaiti 11. Sikuweza kulifungua kwa kihariri cha kawaida, nikasoma mistari yake ya mwisho kwa amri ya PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, na mistari yote ilisema jambo moja: kifaa hakikupatikana, najaribu tena. Kati ya mstari mmoja na mwingine hakikupita hata kipande cha sekunde kinachoonekana kwa jicho.

Ile programu ya nne ilikuwa msaidizi wa printa. Nilikuwa nimeiondoa printa hiyo nyumbani mwezi mmoja kabla, nikaamini nimeachana nayo, lakini programu yake ilibaki ndani ya kompyuta na iliendelea kuitafuta usiku na mchana. Aliyeitengeneza hakuweka muda wa kupumzika kati ya jaribio na jaribio, wala hakuweka ukomo wa ukubwa wa logi, na zaidi ya hayo aliiweka logi hiyo ndani ya folda ya nyaraka za mtumiaji, folda ambayo mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeiagiza programu ya kunakili iifuatilie yote. Kila mstari mpya ulikuwa badiliko la faili, na kila badiliko liliwaamsha wale watatu. Nilipositisha unakili nilipunguza mmoja kati ya wasomaji watatu, ndiyo maana nilipata ile nafuu ya dakika 20. Msaidizi wa printa mwenyewe alitumia asilimia 1 ya prosesa na RAM isiyofika megabaiti 40, na katika orodha niliyokuwa nikiitazama kwa siku zote zile alikuwa chini kabisa, mahali ambapo ilinibidi kushuka ukurasa mzima ili kumwona. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Niliusimamisha mchakato huo na diski ikashuka kutoka asilimia 100 hadi 6 kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya. Dakika moja baadaye ulirudi. Hili ni jambo la kutarajiwa, na anayelifahamu hatakata tamaa: programu nyingi za chinichini husajiliwa kama huduma za mfumo, na huduma inaweza kuagizwa iwashwe upya kila inapokufa, nyingine huamshwa na Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows, kwa saa maalumu au pale mtumiaji anapoingia. Kuua mchakato ni njia nzuri ya kuthibitisha dhana, kwa maana kama kompyuta inapona papo hapo umepata uthibitisho, lakini si tiba. Nilikwenda kwenye orodha ya huduma, nikaisimamisha huduma ile na kuiwekea katazo la kujiwasha, kisha nikaondoa programu nzima ya printa kupitia mipangilio ya Windows, na mwisho nikalifuta lile faili la gigabaiti 11. Mpangilio huo una maana. Ukilifuta faili kabla ya kumzuia anayeliandika, ataanza jingine.

Kisa changu kilikuwa cha diski, lakini nimewahi kuona kingine kinachofanana nacho kwa dalili na kutofautiana nacho kwa sababu. Kuna programu zinazochukua RAM na kusahau kuirudisha. Asubuhi kompyuta ni nyepesi, mchana ni nzito, jioni haifai, na ukiiwasha upya inarudi kuwa ya asubuhi. RAM inapojaa, mfumo huanza kuhamishia sehemu yake kwenye diski na kuirudisha inapohitajika, hivyo diski nayo inaonekana imelemewa, na mtu anaweza kuikimbilia diski akiacha chanzo. Dawa ya kugundua hali hii ni kuandika namba. Chukua karatasi, andika kiasi cha RAM kinachotumiwa na michakato mitano mikubwa saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa, ukifanya kazi zile zile. Programu kubwa si lazima iwe na kosa, kwani kivinjari chenye kurasa nyingi kitachukua gigabaiti kadhaa na kubaki hapo. Inayovuja ni ile inayoongezeka saa hadi saa wakati wewe hujaiongezea kazi yoyote. Katika kichupo cha Details cha Task Manager unaweza kuongeza safu ya Commit size, ambayo kwa kusudi hili ni ya kuaminika kuliko safu ya kawaida ya RAM, kwa sababu huhesabu hata kile kilichokwisha kuhamishiwa kwenye diski.

Neno moja kuhusu kuwasha upya. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuzima kompyuta kwa njia ya kawaida hakufuti kila kitu, kwa kuwa kiini cha mfumo (kernel) na viendeshi, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa, huhifadhiwa kwenye diski ili uwashaji ujao uwe wa haraka. Kama anayevuja ni kiendeshi, kuzima na kuwasha hakutamwondoa; inabidi kuchagua Restart. Wengi hushangaa kuona Task Manager ikisema kompyuta imekuwa hai kwa siku 19 ilhali waliizima jana usiku, na sababu ni hiyo.

Kwa wanaotumia mifumo mingine, njia ya kufikiri ni ile ile ingawa majina yanabadilika. Kwenye Mac hufunguliwa Activity Monitor. Humo, mchakato uitwao kernel_task ukionekana umekalia prosesa, usidhani umepagawa, kwani moja ya kazi zake ni kuzuia prosesa isitumike sana pale kompyuta inapopata joto kali. Basi tafuta kinacholeta joto. Michakato ya mds na mdworker ni ya utafutaji wa Spotlight, na ni kawaida ichangamke baada ya kusasisha mfumo au kunakili mafaili mengi. Kwenye Linux, tazama namba ya mzigo wa wastani, yaani wastani wa michakato inayofanya kazi au kusubiri, pamoja na matumizi ya prosesa: mzigo ukiwa juu ilhali prosesa imetulia, kuna michakato inayosubiri diski, nayo huonyeshwa kwa herufi D katika safu ya hali. Amri ya iotop itataja nani anaandika. Mchakato ulio katika hali ya D hautakufa hata ukiupelekea ishara ya 9, ile ya kuua kwa nguvu, hadi pale diski itakapoujibu.

Pale ambapo hakuna kinachoonekana kwa macho, mimi hugawa nusu kwa nusu. Katika Windows, programu iitwayo msconfig huruhusu kuficha huduma zote za Microsoft na kubakiza za watengenezaji wengine. Zima nusu ya hizo, washa upya, fanya kazi kwa muda ambao mgando huwa umekwisha kutokea. Ukitokea, mkosaji yumo katika nusu iliyobaki. Usipotokea, yumo katika nusu uliyoizima. Huduma 32 zinahitaji raundi 5 tu kufikia moja. Njia hii ni ya subira na hailingani na raha ya kumkamata mtu kwa jina, lakini haimwonei yeyote, na ningeitumia mapema zaidi kama nisingekuwa nimeshikilia hukumu yangu ya kwanza.

Tahadhari ninayoisisitiza ni kutoua michakato kwa sababu tu jina lake ni geni. Kompyuta ya Windows yenye afya huwa na svchost kadhaa, kila moja ikibeba huduma moja au zaidi, na kuua ile isiyofaa kunaweza kukata intaneti, sauti, au kuangusha mfumo wote na kukuachia skrini ya buluu. Ukishuku, angalia faili lake liko folda gani na limesainiwa na nani. Process Explorer, iliyoandikwa na Mark Russinovich na ambayo Microsoft huitoa bure, huonyesha sahihi hiyo pamoja na mchakato uliouzaa mwingine, jambo linalosaidia sana unapotafuta chanzo. Zipo pia programu hasidi za kuchimba sarafu za kidijitali ambazo hunyamaza mara tu Task Manager inapofunguliwa na kuendelea inapofungwa. Feni inayovuma kila unapoiacha mashine na kutulia ukitazama orodha ni sababu tosha ya kufanya uchunguzi kamili wa virusi.

Majuma mawili baada ya kuondoa programu ya printa, kompyuta yangu iliganda tena. Nilifungua Resource Monitor moja kwa moja, nikapanga kwa uandishi, nikasoma majina ya mafaili. Safari hii mwandishi alikuwa TiWorker, mchakato wa Windows unaosakinisha masasisho, na mafaili yake yalikuwa yakibadilika kutoka folda hadi folda badala ya kurudia lile lile. Namba za uandishi zilipanda na kushuka, zikionyesha kazi inayosonga mbele. Sikuigusa. Nilikwenda kufanya shughuli nyingine, na niliporudi baada ya dakika 50 mchakato ulikuwa umekwisha kuondoka kwenye orodha, na taa ya diski ilikuwa inametameta kama kawaida yake.